Kabla Hujaweka Dole Gumba: Maswali ya Wasomaji kuhusu Utafiti wa Afya ya Uzazi

Barua nne nilizozichagua mwezi huu zimetoka Uyole, Makambako, Njombe mjini na Mafinga, na zote zinagusa jambo moja: utafiti wa kitabibu unaohusu mimba ya mwanamke, kizazi chake au mpango wake wa kuzaa. Jambo hilo si geni huku kwetu. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ina kituo chake jijini Mbeya, na kwa zaidi ya miaka ishirini wanawake wa mkoa huo wamekuwa wakitoa damu, muda na siri zao kwa watafiti. Majina ya waandishi nimeyaacha, na barua nimezifupisha bila kuondoa swali la mtu.

Barua ya kwanza, kutoka Uyole

*Shikamoo mama. Nina mtoto mmoja na sasa nina mimba ya miezi sita. Nauza ndizi na viazi Mwanjelwa. Nilipokwenda kliniki na kuambiwa damu yangu iko chini, dada mmoja aliniita chumba cha pembeni akanieleza kuwa kuna utafiti wa dawa ya kuongeza damu kwa wajawazito. Alinisomea karatasi nyingi, akasema nitapangwa kwenye kundi kwa bahati nasibu na damu itachukuliwa mara kadhaa. Kisha akanisogezea kidau cha wino niweke dole gumba, ingawa mimi najua kusoma. Niliona haya kumkatalia, nikasema nitarudi wiki ijayo. Mama mkwe anasema hao ni mumiani, damu inauzwa. Kwa nini wajaribie dawa kwa mjamzito? Na nikikataa, nitaendelea kuhudumiwa?*

Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Ukikataa, kliniki yako inaendelea vilevile: utapimwa, utapewa vidonge vyako vya fefo vya kuongeza damu na chandarua chako, na siku ikifika utazalishwa kama mama mwingine yeyote. Ukikubali leo na kujitoa keshokutwa, hali ni hiyohiyo, wala hulazimiki kutoa sababu. Maneno hayo yanapaswa kuwamo katika fomu ya ridhaa ya kila utafiti wenye kibali halali, na ikiwa dada yule hakuyasoma, basi ameruka mstari ulio muhimu kuliko mingine yote.

Ama kuhusu wino, dole gumba ni la mtu asiyejua kusoma na kuandika, na hata yeye haachwi aliweke peke yake. Lazima awepo shahidi asiyekuwa mtu wa utafiti, asikie yote yanayosomwa, kisha atie saini kwamba kilichosomwa ndicho kilichoandikwa. Wewe unayesoma unastahili kupewa karatasi mkononi, uende nayo nyumbani, uisome jioni mtoto akishalala, umuulize unayemwamini, ndipo urudi na maswali yako. Ukishatia saini, nakala moja inabaki kwako. Nimewahi kuona fomu ndefu ikisomwa kwa kasi ya mtangazaji wa mpira, mama akiitikia "ndiyo, ndiyo" huku macho yake yakiwa kwenye foleni ya mizani, asije akapitwa na zamu yake, na mwisho dole likazamishwa kwenye wino wa zambarau. Kwenye faili mama yule amehesabiwa kuwa ameridhia. Jibu lako la "nitarudi wiki ijayo", ambalo unalionea haya, ndilo jibu la mtu aliyeelewa.

Swali la kwa nini mjamzito lina historia yenye machungu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kampuni moja ya Ujerumani ilianza kuuza dawa ya usingizi iliyoitwa thalidomaidi, ambayo wajawazito wa nchi nyingi waliinywa ili kutuliza kichefuchefu, bila dawa hiyo kuwa imechunguzwa ipasavyo juu ya mtoto aliye tumboni. Ilianza kuondolewa madukani mwaka 1961, nayo iliwaharibu watoto zaidi ya 10,000, wengi wao wakizaliwa na mikono au miguu mifupi mno, au bila viungo hivyo kabisa. Marekani iliponea chupuchupu kwa sababu mkaguzi mmoja wa mamlaka ya dawa, Dkt. Frances Kelsey, alikataa kuisajili hadi aletewe ushahidi wa kutosha, na ushahidi huo haukuja.

Hofu iliyobaki ilizaa kosa la upande wa pili. Mwaka 1977 mamlaka hiyohiyo ya Marekani ilitoa mwongozo wa kuwaweka kando wanawake wenye uwezo wa kushika mimba katika hatua za mwanzo za majaribio ya dawa, nao ukadumu hadi mwaka 1993. Dawa nyingi zikapimwa kwa wanaume, na mjamzito alipougua, daktari akawa hana la kufanya ila kukisia kipimo. Kukisia huko nako ni kumjaribia mtu dawa, tofauti ni kwamba jaribio hilo halina daftari, halina kibali, na hakuna anayehesabu waliopona na walioumia.

Nikupe mfano wa kitu nilichokishika kwa mikono yangu. Nilipoanza kazi ya ukunga, damu ya mama aliyejifungua tuliikadiria kwa macho. Mama amelala juu ya khanga zake, mtoto ametoka, kondo limefuata, na mkunga anatupa jicho chini ya makalio ya mama na kuandika "mililita 200", tarakimu ambayo tuliiandika mno hata ikawa kama mhuri wa ofisi. Kumbe khanga hunywa damu, shuka la plastiki huitawanya, na usiku, kwenye mwanga wa taa ya chemli, damu huonekana nyeusi isiyo na kina. Huko Kigoma watafiti waliwafundisha wakunga wa jadi kuigeuza khanga yenyewe kuwa kipimo: khanga mbili zikilowa chapachapa, damu imefika kama nusu lita, na hapo hakuna tena kusubiri. Nilikipenda kipimo kile kwa sababu kilitokana na kitu ambacho mama amekuja nacho mwenyewe kutoka nyumbani.

Miaka ya karibuni swali hilohilo limeulizwa kwa ukubwa zaidi. Utafiti ulioitwa E-MOTIVE ulichukua hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa Tanzania, zilizozalisha kwa njia ya kawaida wanawake zaidi ya 200,000 katika muda wa utafiti. Hospitali zenyewe ndizo zilizopigiwa kura. Upande mmoja uliendelea na utaratibu wake wa siku zote. Upande wa pili ulipewa mfuko wa plastiki wenye mistari ya vipimo, kama jagi la kupimia maziwa, unaotandikwa chini ya mama mara mtoto anapotoka, pamoja na agizo kwamba damu ikivuka mstari wa hatari matibabu yote yatolewe kwa mkupuo: kukanda tumbo ili mfuko wa uzazi ukaze, dawa ya kuukaza, asidi ya traneksamiki ya kuzuia damu, maji ya mshipa, na kutafuta chanzo. Zamani tulitoa kimoja, tukangoja, kisha tukajaribu kingine, na mama anazidi kupauka. Matokeo yalitangazwa mwaka 2023. Waliotumia mfuko waliwagundua asilimia 93 ya akina mama waliotokwa na damu kupita kiasi, ilhali waliokadiria kwa namna ya zamani waliwagundua asilimia 51. Na madhara makubwa, yaani damu kupita lita moja, upasuaji wa tumbo kwa sababu ya damu, au kifo, yalipungua kwa asilimia 60. Asilimia 51, mwanangu. Niliposoma tarakimu ile nilizikumbuka "mililita 200" zangu, na sikuweza kuendelea kusoma kwa siku ile.

Kwa hiyo anayekuja kukuuliza ukiwa mjamzito si lazima awe anakutumia. Huenda analipa deni ambalo sisi tulilipuuza. Lakini nia njema haimwondolei wajibu wa kujibu.

Bahati nasibu huwatia watu wengi shaka kuliko hata sindano, maana mtu hujiuliza inakuwaje matibabu yake yaamuliwe kwa kura. Sababu yake ni hii: tukimwachia muuguzi achague, huruma itamtuma ampe dawa mpya yule aliye hoi, au yule anayetoka kijijini kwao, na mwisho wa yote hatutajua kama kilichowatofautisha wagonjwa ni dawa au ni jinsi walivyochaguliwa. Ndiyo maana bahasha hufungwa, au kompyuta hupanga, na muuguzi mwenyewe hajui kilichomo mpaka mama awe ameshakubali. La kuuliza hapa ni moja: wale wasiopata dawa mpya watapata nini? Upungufu wa damu una tiba inayojulikana, kwa hiyo kundi la kulinganishia linapaswa kupata tiba hiyo. Hairuhusiwi kumwacha mjamzito mwenye damu chini akanywa kidonge kitupu ili watu watazame kitakachotokea. Msingi huo umo katika Azimio la Helsinki, ambalo chama cha madaktari wa dunia kilipitisha mwaka 1964 na kulirekebisha mara kadhaa, mara ya karibuni ikiwa mwaka 2024.

Mama mkwe wako asidharauliwe. Habari za mumiani ni za zamani katika nchi hii, na zilipata nguvu kwa sababu watu walichomwa sindano na kutolewa damu bila kuambiwa inakwenda wapi. Anayetaka kuua uvumi aeleze kwa kijiko. Mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai. Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu mwilini, na mimba huiongeza hata karibu nusu zaidi. Waulize ni vijiko vingapi kila safari, ni safari ngapi, na kwa kuwa damu yako iko chini, je, hesabu hiyo imezingatiwa? Uliza pia kama sampuli itahifadhiwa kwa matumizi ya baadaye, na kama itasafirishwa nje ya nchi. Kusafirisha kunahitaji kibali na mkataba maalumu unaopitia NIMR, na fomu nyingi zina sehemu ya pekee ya kuhifadhi sampuli, ambapo unaweza kukubali utafiti na kukataa kuhifadhiwa damu yako.

Mwisho, omba kuonyeshwa kibali cha Kamati ya Taifa ya Maadili ya Utafiti wa Afya iliyo chini ya NIMR, na kwa kuwa ni jaribio la dawa, kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Kila kimoja kina namba yake. Uliza nani atagharimia matibabu ikiwa dawa itakudhuru wewe au mtoto, na jibu la "haitakudhuru" usilipokee kama jibu.

Barua ya pili, kutoka Makambako

*Mheshimiwa Mhariri, mimi ni dereva wa lori. Nilirudi safari nikakuta kabatini karatasi yenye mhuri, ikionyesha kwamba mke wangu amejiunga na utafiti wa uzazi wa mpango. Hakunishirikisha. Je, sheria inaruhusu hivyo? Na tunasikia barabarani kwamba sindano za uzazi wa mpango zinaleta Virusi vya UKIMWI. Isije ikawa ndicho wanachokijaribu.*

Ndugu yangu, nakushukuru kwa kuniuliza mimi kabla ya kugombana nyumbani. Mwanamke aliyetimiza miaka 18 hutoa ridhaa yake mwenyewe, na saini ya mume haichukui nafasi ya saini yake wala haihitajiki ili yake iwe halali. Aliye chini ya umri huo ndiye anayeombewa idhini ya mzazi au mlezi, na hata hapo binti mwenyewe huulizwa kama ameafiki. Majibu ya vipimo vyake ni siri yake; tangu mwaka 2023, ilipoanza kutumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, taarifa za afya ya mtu zinalindwa na sheria kuliko taarifa za kawaida. Najua hayo hayakufurahishi. Nayasema kwa sababu nimewaona wanawake waliopigwa kwa ajili ya karatasi kama hiyo uliyoikuta, na nimewaona wengine walioificha chini ya unga kwenye pipa, hivyo kwamba siku walipopata homa hawakuthubutu kupiga namba iliyoandikwa juu yake. Mtafiti mzuri humwuliza mama kama angependa mume wake aelezwe, na mama akisema ndiyo, mume hukaribishwa. Muombe mkeo mwende pamoja siku ya miadi. Akikubali, utauliza mwenyewe. Asipokubali, jiulize kwanza ni kwa nini.

Hilo la sindano halikuwa uvumi mtupu. Kwa miaka mingi takwimu za pembeni zilitia shaka kwamba wanaochomwa sindano ya miezi mitatu huambukizwa zaidi, lakini haikuwezekana kujua kama sababu ni sindano au ni tofauti za maisha ya wanaoichagua. Ndipo ukafanyika utafiti wa ECHO katika Afrika Kusini, Kenya, Zambia na Eswatini, ambamo wanawake 7,829 waliotaka kupanga uzazi walikubali kupangiwa kwa bahati nasibu sindano, kijiti au kitanzi cha shaba. Mwaka 2019 jibu lilitoka: haikuonekana tofauti kubwa ya maambukizi baina ya njia hizo tatu. Ila kuna jambo katika majibu yale ambalo barabarani halisimuliwi. Katika makundi yote, kila wanawake 100 waliofuatiliwa kwa mwaka mmoja, karibu 4 waliambukizwa, njia yoyote waliyopangiwa. Mkoa wako wa Njombe, katika uchunguzi wa kitaifa wa 2022–2023, ndio ulioongoza kwa kiwango cha maambukizi, asilimia 12.7 ya watu wazima, ukifuatiwa na Iringa na Mbeya. Wewe unayelala Tunduma siku tatu ukingojea foleni ya forodha isogee, na mkeo aliyebaki Makambako, nendeni mkapime wote wawili, na mazungumzo hayo ya kabatini yaanzie hapo.

Barua ya tatu, kutoka Njombe mjini

*Kamwene mama. Binti yangu mkubwa alichanjwa shuleni chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi mara mbili. Mdogo wake amechanjwa mara moja tu na mwalimu anasema imetosha. Je, chanjo zimepungua au wanatubania?*

Kamwene, mama. Chanjo haijapunjwa. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, dozi mbili, tukianza na wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 ikahamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kilichobadilisha mambo, kwa sehemu, ni mabinti wa Mwanza. Kuanzia mwaka 2017 wasichana 930 wa huko, wenye umri huohuo wa miaka 9 hadi 14, walipangwa kwa bahati nasibu kupata dozi moja, mbili au tatu, na baada ya miaka miwili zaidi ya asilimia 97 ya waliopata dozi moja walikuwa na kinga dhidi ya aina ya 16 ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, na aina hiyo ndiyo inayoongoza kwa kuisababisha. Nchini Kenya wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20 walifuatiliwa ili kuona kama wanaambukizwa kweli au la, na dozi moja ilizuia maambukizi ya kudumu ya aina za 16 na 18 kwa zaidi ya asilimia 97 katika miezi 18 ya kwanza. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali kwamba nchi zinaweza kutumia dozi moja.

Nimesema "kwa sehemu" kwa sababu bei na upungufu wa chanjo duniani navyo vilisukuma swali hilo liulizwe. Hakuna haja ya kukuficha. Lakini swali likishaulizwa kwa uaminifu, aliyelichochea habadilishi jibu. Angalizo moja tu: binti mwenye Virusi vya UKIMWI hahesabiwi hivyo, huyo anahitaji zaidi ya dozi moja, na wewe mwenyewe, mama, uliyevuka umri wa chanjo, kilicho chako ni kupimwa mlango wa kizazi.

Barua ya nne, kutoka Mafinga

*Shikamoo. Miaka michache iliyopita, nikiwa mjamzito, nilishiriki utafiti mmoja. Nilikwenda mara saba, nikapewa nauli, nikajibu maswali ambayo hata mume wangu hajawahi kuniuliza. Kisha wakafungasha vitu vyao wakaondoka. Baada ya mwaka nilisikia kwa nesi, tena kwa kupita njiani, kwamba ile dawa haikusaidia. Hakuna aliyekuja kutuambia. Nilijiona kama kikopo cha sampuli. Je, nilipotezewa muda wangu?*

Marahaba, dada yangu. Barua yako ina maswali mawili yaliyofungwa kitambaa kimoja, nami nitayatenganisha, kwa sababu la kwanza nina jibu lake na la pili nina hasira nalo.

Utafiti uliopata jibu la "haikusaidia" haujapotea bure. Kulikuwa na kemikali ya kuua mbegu za kiume iitwayo nonoksinoli-9, iliyouzwa kwa miaka mingi, na wengi wakatumaini kwamba ingewakinga wanawake na Virusi vya UKIMWI. Ilipopimwa kwa wanawake waliokuwa katika hatari kubwa, ikaonekana mwaka 2000 kwamba waliokuwa wakiitumia mara nyingi waliambukizwa zaidi. Bila utafiti ule, ingeendelea kugawiwa kama ngao. Kisha ikaja jeli iliyoitwa PRO 2000, ambayo wanawake 9,385 wa Afrika Kusini, Uganda, Zambia na Mwanza hapa kwetu waliijaribu. Desemba 2009 ikatangazwa kwamba haikuwadhuru wala haikuwakinga. Wanawake wale hawakupata jeli waliyoitamani, lakini fedha na miaka ya utafiti ikaelekezwa kwingine.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa ile asidi ya traneksamiki niliyoitaja juu. Mwaka 2017 utafiti wa WOMAN, uliohusisha wanawake 20,060 katika nchi 21, Tanzania ikiwamo, ulionyesha kwamba mama aliyekwisha kuanza kutokwa na damu nyingi akichomwa dawa hiyo, uwezekano wa kufa kwa ajili ya damu hupungua kwa takriban moja ya tano, na hupungua zaidi, karibu theluthi, akipewa ndani ya saa tatu. Ikaonekana ni busara kuuliza: kwa nini basi tusimchome mapema mama mwenye upungufu wa damu, kabla hajaanza kutokwa? Wanawake zaidi ya 15,000 wa Pakistani, Nigeria, Tanzania na Zambia wakalijibu swali hilo, na mwaka 2023 jibu likawa kwamba kumchoma mapema hakukupunguza idadi ya waliotokwa na damu kupita kiasi. Dawa ni ileile. Kilichobadilika ni saa ya kuichoma. Mimi ningeapa kwamba ingesaidia, na kama uamuzi ungekuwa wangu ningewachoma wote.

Sasa hilo la pili. Kwamba hakuna aliyerudi kukueleza ni kosa, na halipungui ukubwa kwa sababu mlipewa nauli. Nauli ni fidia ya safari na siku ya kazi uliyoikosa, si bei ya jibu. Azimio la Helsinki linataka washiriki wapewe nafasi ya kujulishwa matokeo ya jumla ya utafiti, na fomu nyingi za ridhaa huahidi hivyo katika ukurasa wa mwisho, pale ambapo mama huwa ameshachoka kusikiliza. Matokeo hupelekwa kwenye mikutano ya wataalamu, huandikwa kwa lugha ambayo mama wa Mafinga haisomi, na wahusika huhesabu kwamba wameyatangaza. Nimekaa kwenye vikao ambamo bajeti ya kuwarudishia akina mama majibu ndiyo iliyofyekwa kwanza, baada tu ya ile ya chai, na ninakiri kwamba sikunyanyua mkono kupinga.

Fanya hivi, dada. Itafute ile karatasi yako. Juu yake kuna jina la mtafiti mkuu, namba ya kibali na namba yako ya ushiriki, ambayo ndiyo utakayoitumia badala ya jina. Piga simu au andika barua kwa Kiswahili, ukiuliza mambo mawili: utafiti uligundua nini kwa jumla, na wewe binafsi ulipangwa kundi gani, kwa sababu utafiti ukishafungwa na kuchambuliwa hiyo haitakiwi kuendelea kuwa siri kwako. Usipojibiwa, iandikie kamati ya maadili iliyotoa kibali, ambayo namba yake nayo huandikwa kwenye fomu hiyohiyo. Na kama karatasi imeliwa na panya, nenda kwa mganga mkuu wa wilaya ukiwa na kadi yako ya kliniki ya mimba ile. Nakala ya kibali cha utafiti hupelekwa ofisini kwake, na tarehe zako saba za mahudhurio zitamsaidia kuutambua ni upi. Ukipata jibu, nitumie, nami nitalichapa hapa.